Usahihi na Uthabiti: Somo la Istilahi kutoka Baharini hadi Menengai

Utangulizi
Makala haya yanafafanua istilahi mbili ambazo aghalabu sisi wanafunzi wa tafsiri huzichanganya: usahihi na uthabiti wa kipimo. Mfano wetu ni mfumo wa setilaiti wa GPS, unaomwongoza nahodha baharini na pia mpanda mlima hapa Nakuru.

Utendakazi wa Mfumo
Kila setilaiti hutuma mawimbi yanayobeba saa yake. Kifaa kilichomo chomboni hupima muda wa safari ya mawimbi hayo, kisha hukokotoa umbali. Setilaiti nne huhitajika: tatu za kubainisha mahali, na ya nne ya kusahihisha saa ya kifaa. Kwa kuwa mawimbi husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde huzaa kosa la mita 300. Hadi Mei 2000, Marekani iliyavuruga kwa makusudi mawimbi yanayotumiwa na raia, na kosa liliweza kufikia mita 100. Uvurugaji ulipokomeshwa, kosa lilipungua hadi takriban mita 10.

Tatizo
Je, hapo usahihi umepatikana? La hasha. Ramani nyingi za Kenya zilichorwa kwa mfumo wa rejea wa Arc 1960, ilhali GPS hutumia WGS84. Tofauti yake nchini ni takriban mita 300. Mtu aliyesimama ukingoni mwa Menengai akipima mara kumi, hupata tarakimu zinazokaribiana: kipimo ni thabiti. Akizihamishia ramanini bila kuzibadilisha, alama huangukia mita 300 kando ya alipo. Kipimo si sahihi. Katika ukungu, kosa hilo latosha kumpeleka gengeni. Nahodha naye, endapo chati yake ina rejea tofauti, atajiona katikati ya mlango wa bandari, kumbe chombo chaelekea mwambani.

Wajibu wa Mfasiri
Tunapendekeza uthabiti uwe ukaribu wa vipimo vinavyorudiwa, na usahihi uwe ukaribu wa kipimo na ukweli. Mfasiri wa mwongozo wa chombo akiliweka neno moja mahali pa jingine, humpa baharia imani asiyostahili kuwa nayo.

Hitimisho
Manahodha wa jadi walipima kina kwa bildi, wakalinganisha na nyota na alama za nchi kavu. Hawakuamini kipimo kimoja. Nasi tusiridhike na kamusi moja.