Jiwe la mfadhili: anza na maneno, fundi baadaye

Muulize mtu pale Muhimbili mgonjwa wake kalazwa wapi, atakujibu, "Sewahaji." Kwake ni jina la jengo la wodi tu. Lakini Sewa Haji Paroo alikuwa mtu, mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyefariki 1897. Fedha zake ndizo zilizojenga hospitali ya Waafrika na Wahindi hapa Dar es Salaam, wakati Wajerumani wakijijengea yao kule Ocean Road. Jina limebaki, mwenyewe kasahaulika. Inauma. Kwa hiyo mnaotaka kumwekea mfadhili wa mtaa wenu jiwe la kumbukumbu bustanini, nawaomba mhangaikie maneno kwanza.

Wasikilizeni wazee, kisha hadithi zao mzilinganishe na karatasi: hati ya kiwanja, barua ya kutoa, gazeti la siku ile. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ina ofisi Upanga, mwendo wa miguu kutoka Kariakoo. Mwaka usio na ushahidi msiuchonge.

Maneno 50 yanatosha. Taja jina lake kama watu walivyomwita, alitoa nini, lini, kwa ajili ya nani. Na kama aliweka sharti, usiliache kabisa. Sewa Haji alipotoa jengo la shule Bagamoyo alitaka watoto wa rangi zote wasome humo. Sharti hilo moja linamweleza kuliko "mkarimu, mpenda watu, mtu mashuhuri", sifa ambazo kila marehemu husomewa kaburini.

Kiswahili kitangulie. Hata Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa 1927 enzi za Mwingereza, ina Kiswahili chake, kwa herufi za Kilatini na za Kiarabu. Ukishaandika, mpe muuza kahawa karatasi amsomee mteja wake kwa sauti. Anaposita, hapo pana neno la kubadilisha.

Kibali kiombwe kwa barua kupitia serikali ya mtaa hadi Halmashauri ya Jiji. Bustani ni ya umma, hivyo familia ya mfadhili ishirikishwe ila isiachiwe uamuzi peke yake.

Shaba msinunue: itang'olewa usiku ikauzwe kwenye vyuma chakavu. Chuma nacho kitaliwa na chumvi ya bahari. Chukueni granaiti au terazo, herufi zichongwe ndani ya jiwe, zisibandikwe juu. Liwe usawa wa kifua, likitazama njia ya miguu. Na kabla fundi hajachimba msingi, kaeni na wamachinga wa eneo hilo muwaeleze ni jiwe la nani. Wao wapo pale kutwa nzima, wakilikubali, watalilinda.

Mimi ningeanza na Sewa Haji mwenyewe, kwenye uwanja wa wazi wa Mnazi Mmoja. Waingereza waliuacha uwazi ule uitenge Uhindini na Kariakoo. Aliyewapa watu wa pande zote mbili hospitali anastahili jiwe palepale katikati. Na wewe msomaji, kama nyumbani kwenu Gerezani au Upanga kuna sanduku la karatasi za babu, usilichome moto. Lipeleke Nyaraka za Taifa wiki hii.