Msongo wa Mawazo: Majibu kwa Maswali ya Kila Siku

Mtu akisema ana mawazo, wengi humwambia ajikaze tu. Lakini msongo hauishii kichwani. Unagusa moyo, tumbo, damu na usingizi. Haya ni majibu ya maswali yanayoulizwa mara kwa mara.

Msongo wa mawazo ni nini?
Ni namna mwili na akili vinavyojiandaa kukabili jambo linaloonekana kutuzidi: deni, mtihani, mgonjwa nyumbani, ugomvi wa ndoa. Ubongo ukihisi hatari, tezi za adrenali zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu ndani ya sekunde chache. Baada ya dakika kadhaa hufuata homoni ya kortisoli, ambayo husaidia kuongeza sukari katika damu ili misuli na ubongo vipate nguvu.

Mbona moyo hudunda na mdomo kukauka?
Adrenalini huharakisha mapigo ya moyo na kuelekeza damu kwenye misuli. Kazi zinazoweza kungoja, kama kusaga chakula, hupunguzwa; ndiyo maana mate hukauka na tumbo huvurugika. Mwaka 1915 Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard alieleza kuwa hayo ni maandalizi ya kupigana au kukimbia.

Je, msongo wote ni mbaya?
Hapana. Ule wa muda mfupi humwamsha mwanafunzi kabla ya mtihani na humpa mzazi wepesi wa kumnyakua mtoto barabarani. Madhara huletwa na msongo usiokoma.

Usipokoma hudhuru vipi?
Usingizi hupungua, kinga ya mwili hudhoofika, presha hupanda na kumbukumbu hufifia. Ushahidi mmoja umetoka hapa kwetu. Kuanzia mwaka 1978, mwanasayansi Mmarekani Robert Sapolsky aliwachunguza nyani wa porini eneo la Maasai Mara, Kenya, akiwalaza kwa mishale ya dawa na kuwapima damu. Katika makundi yaliyotulia, madume wa daraja la chini walikuwa na homoni za msongo nyingi hata wakati wa mapumziko. Chakula hawakukikosa, waliowatesa ni nyani wenzao. Nasi tujihoji: bosi anayewadhalilisha wafanyakazi na mzazi anayemtukana mtoto kila siku wanaumiza miili, si nyoyo peke yake.

Ni kweli mawazo huleta vidonda vya tumbo?
Wengi huamini hivyo. Lakini mnamo miaka ya 1980, Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walionyesha kuwa vidonda vingi husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, na mwaka 2005 wakatunukiwa Tuzo ya Nobel. Sababu nyingine kubwa ni kutumia mara kwa mara dawa za maumivu kama aspirini. Msongo unaweza kuzidisha maumivu, lakini mgonjwa asiishie kuambiwa aache mawazo. Apimwe, kwani bakteria huyo anatibika kwa antibiotiki.

Je, msongo ni udhaifu au upungufu wa imani?
La. Tezi za adrenali anazo kila mtu, shujaa na mwoga, mcha Mungu na asiyesali. Sala na nasaha za wazee hufariji sana, ila zisimzuie mtu kutafuta matibabu.

Nifanye nini nikizidiwa?
Vuta pumzi taratibu, kisha itoe kwa muda mrefu zaidi ya ulioivuta. Mapigo ya moyo yatapungua. Tembea au fanya mazoezi. Lala kwa saa za kawaida. Usikimbilie pombe, kwa kuwa huharibu usingizi. Zungumza na mtu unayemwamini.

Niende hospitali lini?
Huzuni au wasiwasi ukizidi wiki mbili, au ukikuzuia kula, kulala na kufanya kazi. Maumivu ya kifua yasidhaniwe kuwa ni mawazo tu, wahi hospitali. Anayefikiria kujiua asiachwe peke yake, apelekwe siku hiyo hiyo.

Ndugu msomaji, mwenzako akikuambia amelemewa, usimcheke wala usimkemee. Msikilize, kisha umsindikize akapate msaada.