Somo la Usalama Barabarani: Kuchagua Vioo vya Kutazamia Nyuma kwa Gari Lililoundwa Gereji



Katika miji na vijiji vyetu wapo mafundi hodari wanaounda gari zima kwa fremu, injini na vipuri vilivyokusanywa kutoka magari mbalimbali. Jitihada kubwa huelekezwa kwenye injini na breki. Vioo hufungwa mwishoni, tena vile vilivyopatikana tu. Leo tunajifunza jinsi ya kuvichagua.

Kwa nini vioo vyote viwili

Tanzania na Uganda huendesha upande wa kushoto. Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huendesha upande wa kulia. Pale Rusumo, au kati ya Kabanga na Kobero, dereva hubadili upande wa barabara, lakini usukani hubaki palepale. Gari lenye usukani wa kulia likiingia Burundi, anayelipita hupitia kushoto, upande ulio mbali na dereva. Vivyo hivyo, lenye usukani wa kushoto likiingia Tanzania hupitwa kulia. Gari lenye kioo cha upande wa dereva peke yake halitamwona mwendesha pikipiki huyo, na dereva akikata kona anaweza kumgonga. Basi kioo cha upande wa pili si pambo.

Bapa au kilichobinuka

Kioo bapa huonyesha vitu kwa ukubwa na umbali wake halisi, lakini huonyesha eneo dogo. Kioo kilichobinuka kwa nje huonyesha eneo pana, ila vitu huonekana vidogo na vya mbali kuliko vilivyo. Tunashauri kilichobinuka kidogo kwa upande ulio mbali na dereva. Kilichobinuka mno kisiwe kioo kikuu, kwa maana lori lililo karibu litaonekana kama liko mbali. Kioo cha ndani kinafaa pale tu ambapo turubai au mzigo hauzibi dirisha la nyuma.

Kukifunga

Mkono wa kioo uwe mfupi na imara, ufungwe kwa bolti kwenye bati lisilotikisika. Kioo kinachotetemeka hakionyeshi kitu. Uwe wenye kukunjika ukigongwa, ili usimjeruhi mtembea kwa miguu. Kingo za kioo zisiwe kali, na nguzo ya mlango isikizibe.

Kupima kabla ya kuingia barabarani

Kanuni Na. 46 ya Umoja wa Mataifa ina kipimo ambacho kila fundi anaweza kukifanya uwanjani kwa kamba na vijiti:

1. Egesha gari mahali tambarare. Dereva aketi kama anavyoketi akiendesha.
2. Kuanzia usawa wa macho yake, pima mita 4 kwenda nyuma. Hapo chomeka kijiti mita 1 nje ya ubavu wa gari.
3. Pima mita 20 kwenda nyuma. Chomeka kijiti kingine mita 4 nje ya ubavu.
4. Dereva aone ardhi yote kati ya ubavu wa gari na kila kijiti, bila kuinuka kitini.
5. Rudia upande wa pili.

Asipoiona ardhi hiyo, kioo ni kidogo, kimefungwa vibaya au hakifai. Gari likishafaulu kipimo hiki, bado lipelekwe kukaguliwa na mamlaka husika kabla ya kutumika.

Neno la mwisho

Hata vioo bora huacha eneo lisiloonekana. Dereva ageuze shingo kabla ya kuhama njia. Wala kioo hakimsaidii kuona mbele: mwenye usukani upande wa ukingo wa barabara asilikaribie mno lori lililo mbele yake, wala asilipite kwa kubahatisha.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni kioo kipi kinachohitajika zaidi gari lako likivuka mpaka? Kwa nini?
2. Je, magari yaliyoundwa kijijini kwenu yamepimwa kwa vijiti? Nani atasimamia kazi hiyo?