Ugonjwa Utambulikanao kwa Tarehe

Tuchukue mfano wa kubuni wa kijana wa kidato cha tatu akaaye Kwa Mrombo, jijini Arusha. Mwezi Januari, kwa muda wa siku kumi, usingizi wake wa usiku hauzidi saa tatu, wala haoni uchovu. Husema upesi mno, na huwatangazia wenzake kwamba atayanunua maduka yote ya sokoni. Mwalimu humwita mtovu wa nidhamu. Masika yanapoanza hujifungia chumbani wiki tatu, hali wala hasomi. Jirani humwita mvivu. Julai hali ya Januari hurudi. Septemba huzuni hurudi. Jamaa husema amerogwa.

Kila mmoja ameona kipande kimoja tu. Hakuna aliyeutazama mwaka mzima.

Ugonjwa wa baipola una nyakati mbili: mania, ambapo hisia na nguvu hupanda kupita kiasi, na sonona, ambapo hushuka. Kwa wagonjwa wengi vipindi hivyo huachana kwa miezi mingi au hata miaka. Lakini kwa wachache huja kwa mzunguko wa haraka, yaani vipindi vinne au zaidi katika miezi 12. Kipimo hicho kilitokana na kazi ya Dunner na Fieve wa Marekani, mwaka 1974. Waliona kwamba wagonjwa wa namna hiyo hawakunufaika sana na lithiamu, dawa ambayo John Cade wa Australia alieleza manufaa yake mwaka 1949.

Tunahesabuje? Kwa kawaida mania hudumu wiki moja au zaidi. Sonona, wiki mbili au zaidi. Kipindi huhesabiwa kipya iwapo mgonjwa amegeukia hali ya kinyume, au amepata nafuu kwa miezi miwili. Kwa hiyo mtu anunaye asubuhi na kucheka jioni hana ugonjwa huu kwa sababu hiyo peke yake.

Hesabu hii ina uzito katika tiba. Aghalabu mgonjwa hufika kwa daktari siku za sonona. Asipoeleza habari za Januari, huenda akapewa dawa ya kuondoa sonona peke yake, nayo yaweza kumsukuma kwenye mania au kuuharakisha mzunguko. Hali kadhalika daktari hupima tezi ya thairoidi iliyo shingoni, kwani upungufu wa homoni zake huweza kuambatana na hali hii.

Basi mwalimu na jamaa waandike tarehe, saa za usingizi na mabadiliko ya mwenendo, kisha waipeleke karatasi hiyo hospitali pamoja na mgonjwa. Lakini akitaja kujiua, asiachwe peke yake wala kalenda isisubiriwe: apelekwe siku hiyo hiyo.

Zoezi: Chora mstari wa miezi 12. Onyesha vipindi vya kijana wetu, mania juu na sonona chini. Je, ni vingapi? Ungemwona mwezi Aprili tu, ungesemaje?