Umeme ukibinafsishwa, mwananchi anapata nini?

SWALI: Tunaambiwa umeme ukipewa kampuni binafsi huduma itaboreka. Sisi wateja wa kawaida tupime vipi maneno hayo?

JIBU: Tazama Uganda. Machi 2005 kampuni binafsi iitwayo Umeme ilikabidhiwa usambazaji wa umeme kwa mkataba wa miaka 20. Wakati huo, katika kila uniti 100 zilizoingia kwenye nyaya, takriban 38 zilipotea kwa wizi na mitambo chakavu. Ilipoondoka mwaka 2025, upotevu ulikuwa chini ya uniti 20. Ni mafanikio makubwa, na asiyeyataja hasemi kweli.

Lakini mkataba uliipa haki ya faida ya asilimia 20 kwa mwaka juu ya mtaji iliowekeza, na faida hiyo ilitoka kwenye bili. Bei ikiwa juu, utakuta nyumba ina mita ukutani, taa zinawaka, na chakula bado kinapikwa kwa mkaa.

Kwa hiyo usianze na kampuni ni ya nani. Uliza faida imewekewa kikomo gani, bei inapangwa na nani, na kijiji kisicholeta faida kitafikishiwa nyaya na nani. Dai majibu kabla mkataba haujasainiwa: Uganda ililazimika kumlipa mwekezaji mamilioni ya dola hata alipokuwa anaondoka.