Makopo ya vinywaji: Ushuru peke yake haujengi kiwanda

Anayetaka kuielewa biashara ya makopo ya bia na soda aanzie gatini Nyamisati, wilayani Kibiti, kabla hajaenda viwandani Dar es Salaam. Hapa ndipo mzigo wa Mafia unaposhushwa kutoka kwenye malori yaliyoacha barabara kuu pale Bungu, ukapanda kivuko cha MV Kilindoni au boti za watu binafsi. Hapa pia mizigo ya vijiji vya delta, kama vile vya Kiongoroni, Maparoni na Msala, hugawanywa kwa mashua. Kreti ya bia ina safari mbili: kwenda imejaa, kurudi na chupa tupu. Kopo lina safari moja tu.

Tumchukue mwenye duka la jumla pale Kilindoni. Kwa kila kreti anaweka dhamana ya chupa, analipa nauli ya kwenda, analipa makuli wa kupakia na kushusha, kisha analipa tena nauli ya kurudisha chupa tupu. Zikivunjika njiani hasara ni yake. Zikikaa kijijini wiki tatu kungoja mashua ijae, au kungoja maji ya bamvu ili chombo kipite mkondoni, fedha yake imelala humo humo. Kwa kopo hayo yote hayapo. Hivyo si ajabu kuwa wafanyabiashara wa pwani hii wanauliza: kama kopo lina manufaa hivi, kwa nini linaletwa tupu kutoka ng'ambo kuja kujazwa hapa? Kwa nini Serikali isipandishe ushuru wa makopo ya nje, watu wakajenga kiwanda?

Swali ni zuri, na linamhusu pia mwenye hisa chache za kampuni ya bia. Tulifanyie hesabu.

NAULI YA HEWA

Kopo la aluminiamu la mililita 330 lina uzito wa gramu 13 hivi pamoja na kifuniko chake. Kontena la futi 40 hujaa kwa makopo tupu yapatayo 150,000. Uzito wa makopo hayo haufiki hata tani mbili, ilhali kontena lenyewe lina uwezo wa kubeba tani 25. Kilichobaki ni hewa, na hewa hiyo inalipiwa nauli ya meli sawa na mzigo mwingine wowote.

Sasa chukua bati lenyewe la aluminiamu, lililoviringishwa kama koili. Tani moja, baada ya kutoa mabaki yanayokatwa na mashine, hutoa makopo zaidi ya 60,000. Kontena moja lenye tani 25 za koili ni makopo milioni moja na nusu, yaani sawa na makontena kumi ya makopo tupu. Ndiyo maana katika nchi nyingi kiwanda cha makopo hujengwa karibu na kiwanda cha bia. (Vifuniko ni kisa kingine. Vyenyewe hupangwa kama sahani, havili nafasi, na kiwanda kinaweza kuendelea kuviagiza nje bila hasara kubwa.)

Kuna jambo ambalo wengi hawaliangalii. Forodha haitozi ushuru kwa bei ya kopo kiwandani. Inatoza kwa bei pamoja na bima na nauli hadi bandarini. Tuseme kopo tupu linauzwa shilingi 100 huko litokako na nauli yake ni shilingi 30. Ushuru wa asilimia 25 utapigwa kwenye 130, nao ni shilingi 32 na senti 50. Kwa katoni ya makopo 24 hiyo ni shilingi 780 kabla kinywaji hakijamiminwa. Hewa imelipiwa nauli, kisha nauli ya hewa imelipiwa ushuru.

Kwa hesabu hii mtu angesema kiwanda cha hapa kimeshashinda hata kabla ya kuanza. Hapana.

MASHINE HAIJUI UDOGO

Makopo si bidhaa ngeni nchini. Februari 1967, baada ya Azimio la Arusha, Serikali ilipotangaza kampuni ambazo ingechukua hisa nyingi zaidi ndani yake, Tanganyika Metal Box ilikuwa mojawapo, pamoja na Tanzania Breweries na kiwanda cha viatu cha Bata. Lakini kopo la bati la chuma la zama zile liliundwa kwa vipande vitatu: mwili uliokunjwa na kuungwa ubavuni, kitako, na kifuniko. Mashine zake zilivumilia oda ndogo. Leo kopo la bei hii, kesho la ukubwa mwingine.

Kopo la bia la siku hizi ni la vipande viwili. Mashine hukata duara kutoka kwenye koili, hulikandamiza likawa kikombe, kisha hukivuta kikombe kupitia pete za chuma kigumu hadi ukuta wake, uliokuwa na unene wa robo milimita, unabaki kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Halafu linaoshwa, linachapwa rangi za kampuni, linapuliziwa vanishi ndani ili kinywaji kisiguse metali, linakaushwa kwenye tanuri na kubanwa shingo. Yote haya kwa mwendo wa makopo 2,000 kwa dakika au zaidi.

Piga hesabu. Makopo 2,000 kwa dakika ni 120,000 kwa saa. Kwa saa 24 ni milioni 2.88. Mtambo ukifanya kazi siku 300 kwa mwaka unatoa makopo milioni 864. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7. Ni makopo 14 kwa kila mtu, mtoto mchanga na bibi wa miaka tisini wakiwemo, katika nchi ambayo bia nyingi hunywewa katika chupa za kurudisha na soda imehamia kwenye plastiki. Na huo ni mtambo mmoja.

Mwekezaji atasema atauendesha nusu ya mwaka. Sawa, lakini mkopo wa benki hauendi likizo. Mtambo wa namna hii hugharimu makumi ya mamilioni ya dola, riba yake hugawanywa kwa makopo yaliyotoka, na makopo yakiwa nusu, mzigo wa riba kwa kila kopo unakuwa mara mbili. Akiba ya nauli tuliyoiona hapo juu inaliwa hapo. Aidha, kila ukibadili nembo mtambo husimama, kwa hiyo mwenye juisi ndogo anayetaka makopo laki moja hapati mtu wa kumsikiliza. Tatizo hilo analo leo kwa mwenye kiwanda wa nje, na angekuwa nalo kwa wa ndani.

NGAZI ZA USHURU

Hapa ndipo ushuru unapochanganya watu. Ushuru wa pamoja wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulioanza mwaka 2005 ulikuwa na ngazi tatu: sifuri kwa malighafi, asilimia 10 kwa bidhaa zilizotengenezwa nusu, na asilimia 25 kwa bidhaa kamili. Julai 2022 ikaongezwa ngazi ya nne ya asilimia 35. Je, kopo tupu ni nini? Kwa mtengeneza makopo ni bidhaa kamili inayostahili kulindwa. Kwa mwenye kiwanda cha bia ni malighafi kama shayiri. Wote wawili wana haki, na kila mwaka kabla ya bajeti wenye viwanda wa namna hizi mbili hupeleka maombi yanayopingana.

Kinachomlinda mwenye kiwanda ni pengo kati ya ushuru wa kopo na ushuru wa koili. Ukiweka asilimia 25 kwenye kopo na 25 kwenye koili, hujamlinda kwa kiasi unachodhani. Ulichofanya ni kupandisha bei ya kila kitu.

Tena ukuta huu una milango. Tanzania imo katika SADC, hivyo bidhaa za Afrika Kusini zenye cheti cha asili ya SADC huingia kwa nafuu ya ushuru. Afrika Kusini inatengeneza makopo, na kiwanda cha Hulamin kule Pietermaritzburg kinaviringisha bati lake. Kwa upande mwingine Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini Kenya imo, pamoja na Misri. Kwa kanuni kopo la Misri linaweza kuingia Kenya kwa nafuu, likajazwa huko, na soda yake ikavuka Namanga kama bidhaa ya Afrika Mashariki. Anayejenga kiwanda Dar es Salaam kwa kutegemea ukuta wa asilimia 25 ajue kwanza mlango upo upande gani.

Wala jirani si soko la uhakika. Mwaka 2020 Kenya iliweka ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 kwa chupa za kioo zitokazo nje, na chupa zilizotengenezwa Dar es Salaam zikakumbwa. Mambo haya hujadiliwa na kulegezwa, lakini tanuri la kioo halizimwi kungoja mawaziri wakutane.

WALIOTANGULIA

Nigeria ina watu wengi na wanywaji wengi, na viwanda vya makopo vimejengwa huko. Mwaka 2014 kampuni ya Nampak ya Afrika Kusini ilinunua kimojawapo kwa dola zipatazo milioni 300. Makopo yaliuzwa. Tatizo lilikuwa kwamba mauzo ni ya naira na deni ni la dola, na dola hazikupatikana kwa urahisi, Nigeria wala Angola ambako kampuni hiyo ilikuwa na kiwanda kingine. Mwaka 2023 Nampak ililazimika kuwaomba wenye hisa randi bilioni moja ili kupunguza madeni. Msomaji anayekumbuka jinsi dola zilivyoadimika hapa Tanzania mwaka huo huo wa 2023 hahitaji maelezo zaidi.

Marekani nako kuna la kujifunza. Machi 2025 ushuru wa aluminiamu kutoka nje ulipandishwa hadi asilimia 25, Aprili makopo matupu na bia ya kopo vikaingizwa katika orodha hiyo, na Juni 2025 ukafika asilimia 50. Mtengeneza makopo wa Marekani amekingwa na kopo la nje, lakini metali yake nyingi hutoka Kanada, nayo imetozwa vile vile. China nayo, tangu tarehe 1 Desemba 2024, iliondoa marejesho ya kodi ya asilimia 13 waliyokuwa wakilipwa wauzaji wa aluminiamu iliyoviringishwa nje ya nchi hiyo. Koili ya China ikapoteza nafuu hiyo bila Bunge la Dodoma kugusa kitu.

UMEME WA RUFIJI

Wapo wanaosema: mto ni wetu, umeme ni wetu, tuyeyushe aluminiamu wenyewe. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa yenye jumla ya megawati 2,115. Wa kwanza uliwashwa mwaka 2024 na wote tisa ulipofika 2025. Lakini tani moja ya aluminiamu hula uniti 14,000 hivi za umeme. Kiwanda cha Mozal karibu na Maputo, kilichoanza mwaka 2000, kilihitaji zaidi ya megawati 900, karibu nusu ya bwawa letu zima, na mwaka 2025 mmiliki wake mkuu, South32, alitangaza kwamba kitasimamishwa Machi 2026 kwa kukosa mkataba wa umeme wa bei inayofaa. Na kilichotoka Mozal ni metali ghafi. Kuifanya bati la kopo kunataka kinu kingine cha kuviringisha, nacho ni kikubwa kuliko haja ya kiwanda cha makopo.

Kwa mwenye hisa za TBL, ambazo zimo katika Soko la Hisa la Dar es Salaam tangu 1998, swali la kuuliza kwenye mkutano mkuu ni sehemu gani ya mauzo iko kwenye makopo na makopo hayo yanalipiwa kwa fedha gani. Sehemu hiyo ikikua mwaka hadi mwaka, kiwanda kitakuja chenyewe, hata ushuru usipopanda. Na kila mwisho wa Juni, Gazeti la Jumuiya likitoka, zisome pamoja mistari miwili: wa kopo na wa koili. Ukipanda wa kopo peke yake wakati mtambo haujafungwa, mwenye duka wa Nyamisati ndiye atakayeulipa kwenye katoni.

Hadi hapo wa delta aendelee kuhesabu kreti zake, na makopo matupu asiyatupe mikokoni. Makopo 75,000 hivi ni tani moja ya aluminiamu safi, na kuyayeyusha upya hakuli hata sehemu ya kumi ya umeme wa kuanzia mwanzo. Wanunuzi wa skrepa wanalijua hilo zamani. Kopo linaloachwa Kilindoni leo likirudi sokoni Kibiti, huenda likarudi likiwa sufuria.