Somo la Wiki: Makisio ya Ada si Makato ya Mwisho

Wiki hii tunaziacha kidogo bei za mazao ili tujibu swali la wasomaji wenye ndugu wanaouza kazi za mikono kwenye masoko ya intaneti huko Marekani. Wanauliza: mbona wakati wa kuweka bidhaa ada huonyeshwa kuwa senti chache, lakini fedha zikiingia zimepungua dola kadhaa?

Tuchukue soko la Etsy. Kuweka bidhaa moja ni senti 20 za dola, na tangazo hukaa miezi minne. Huu ni sawa na ushuru wa meza sokoni: umeuza, hukuuza, utalipa. Bidhaa isipotoka, tangazo likifanywa upya ni senti 20 nyingine. Mwenye bidhaa 40 zisizotoka hutumia dola 24 kwa mwaka bila kuuza hata kimoja.

Makato makubwa huja mteja akishalipa. Kwanza kuna kamisheni ya asilimia 6.5, ambayo hadi Aprili 2022 ilikuwa asilimia 5. Hapo ndipo wengi hujikwaa, kwani kamisheni hii hukatwa kwenye bei ya bidhaa pamoja na gharama ya posta anayotozwa mteja. Kisha kuna ada ya kupokea malipo, ambayo kwa muuzaji aliyeko Marekani ni asilimia 3 na senti 25 juu yake.

Tuseme kikapu kinauzwa dola 30 na posta ni dola 10. Ada ya kuweka ni dola 0.20, kamisheni ya dola 40 ni 2.60, na ada ya malipo ni 1.45. Jumla ni dola 4.25. Ukiondoa na posta, muuzaji anabakiwa na dola 25.75. Kama kikapu kilimgharimu dola 18, faida ni dola 7.75. Si mbaya.

Lakini hayo bado ni makisio, kwa sababu mtambo haumjui mnunuzi kabla hajaja. Kodi ya mauzo hutofautiana kati ya jimbo na jimbo, na ada ya malipo huhesabiwa pamoja na kodi hiyo. Tofauti yake ni senti tu. Kinachouma ni matangazo ambayo Etsy huyaweka nje ya soko lake. Mteja akipitia humo na kununua, muuzaji mdogo hukatwa asilimia 15 zaidi. Kwa kikapu chetu ni dola 6, na faida inashuka hadi dola 1.75, yaani kazi ya bure!

Muuzaji ambaye hajafikisha mauzo ya dola 10,000 kwa mwaka anaruhusiwa kujitoa katika matangazo hayo, na kwa maoni yetu mwenye faida nyembamba ajitoe mapema. Akishafikisha kiasi hicho hawezi kujitoa tena, ila hukatwa asilimia 12.

Asiyetaka kujitoa apange bei akihesabu makato yote: asilimia 6.5, 3 na 15, ambazo jumla ni 24.5. Kwa hesabu hiyo kikapu chetu kiuzwe karibu dola 38, posta ikibaki dola 10, ndipo ile faida ya dola 7.75 isipotee.